Sura ya Saba: Shingo Haitaki Kunyooka Kabisa

Ijumaa moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yameukalia mji wa Dar es Salaam kwa wiki nzima, kijana mmoja aliingia karakanani kwangu na gitaa la besi mgongoni. Mfuko wa gitaa aliufunika kwa nailoni, yeye mwenyewe amelowa mpaka kwenye magoti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, ujifute."

Hakukaa. Alilichomoa gitaa, akalichomeka kwenye ampilifaya ndogo iliyo kando ya meza yangu, akapiga uzi mnene wa E ukiwa wazi. Sauti ilitoka nzito na ya duara. Kisha akabana freti ya kwanza, akapiga tena, na hapo maradhi yakajitokeza. Nyuma ya noti kulikuwa na mlio mwingine, mkavu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Freti ya pili vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne vivyo hivyo. Alipofika ya saba, nyuki akanyamaza.

"Jumapili napiga ibadani, baba," akasema. "Na nimeshaambiwa shingo imekwisha, nitafute gitaa jingine."

Nilimuuliza nani ameligusa. Akaniambia kwamba mwenzake mmoja kwenye kwaya alikikaza chuma cha ndani ya shingo, kwa kuwa alisikia shingo ikinyooka kama rula mlio unakuwa safi. Mkwaruzo ulipozidi, wakadhani hawajakaza vya kutosha. Wakakaza tena.

Shingo ile haikuwa imekwisha. Ilikuwa imenyooshwa kupita kiasi. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi mno mezani kwangu, na wanaolifanya si wazembe. Linatokana na wazo linaloonekana la busara, kwamba kitu kilichonyooka ndicho kilicho sawa. Katika gitaa la besi mambo hayako hivyo. Shingo yenye afya ina upinde mdogo, mdogo kiasi kwamba jicho lisilozoea halioni. Ukilielewa hilo na sababu yake, umeshaielewa sura hii.

Uzi unahitaji nafasi ya kucheza

Kumbuka watoto wanavyoruka kamba. Wawili wanaizungusha, mmoja huku na mwingine kule. Mikononi mwao kamba inasogea kidogo tu, lakini katikati inapanda juu na kushuka chini kwa upana. Uwanja ukiwa na kichuguu katikati, kamba itakuwa inapiga ardhi kila inapozunguka. Ukiwa na bonde dogo, itapita bila kugusa.

Uzi wa gitaa ni kamba hiyo. Umeshikwa ncha mbili, kwenye kidaraja cha kichwani na kwenye daraja lililo mwilini, na unapopigwa unatanuka zaidi katikati. Ukiwa wazi, katikati yake ni juu ya freti ya 12. Urefu wa uzi kwenye besi nyingi ni inchi 34, yaani kama sentimita 86. Uzi wa E unatetema takriban mara 41 kwa sekunde, wa A mara 55, wa D mara 73 na wa G mara 98. Ni mitetemo ya polepole ya nyuzi nene, na nyuzi za namna hiyo hutanuka kuliko nyuzi za gitaa la solo. Ndiyo maana shingo ya besi inahitaji bonde lake. Uzi unapocheza juu ya ubao ulionyooka kabisa, au mbaya zaidi ulioinuka katikati, unazigonga freti za mbele yake. Huo ndio mkwaruzo tunaousikia.

Tatizo hili lina umri wake. Besi kubwa ya kusimama haikuwa na freti, na mpigaji alitafuta noti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Mwaka 1951 Leo Fender, wa Fullerton huko California, alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Jina hilo maana yake ni usahihi, na usahihi wenyewe uliletwa na freti: bana mahali pake, noti inatoka ilivyo. Lakini gitaa lile lilikuwa na freti 20, na kila moja ni chuma kilichosimama chini ya uzi, tayari kugongwa. Zawadi na gharama yake vilikuja pamoja.

Nyuzi nne za besi zikiwa zimetyuniwa zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ni sawa na kumning'iniza mtu mzima kwenye kichwa cha gitaa, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Mti wowote ukivutwa hivyo utapinda kuelekea upande wa nyuzi. Watengenezaji walilijua hilo kabla hata besi ya umeme haijazaliwa. Mwaka 1923 Thaddeus McHugh, aliyefanya kazi katika kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, Michigan, alipata hataza ya fimbo ya chuma inayopita ndani ya shingo na kurekebishwa kwa nati. Fender mwenyewe alianza mwaka 1950 kutoa magitaa ya kwanza bila chuma hicho, akiamini mti wa mepo una nguvu ya kujitosheleza. Hakuendelea hivyo kwa muda mrefu. Shingo nyingi za mepo za kampuni yake zina mstari wa mti mweusi mgongoni, na wengi wanadhani ni pambo. Ule ni mfuniko wa mfereji ambamo chuma kiliingizwa.

Mimi chuma hicho nakiita nondo, kwa sababu kila aliyewahi kusimama kwenye eneo la ujenzi ananielewa mara moja. Zege huwekewa nondo ili lisikatike linapovutwa, na shingo huwekewa nondo ili isijisalimishe kwa nyuzi. Kwenye shingo, hata hivyo, nondo hii inakazwa na kulegezwa. Nyuzi zinavuta kichwa mbele, nondo inakirudisha nyuma. Ni mchezo wa kuvutana kamba usiokwisha, na kazi yako ni kuhakikisha kwamba nyuzi zinashinda, ila kidogo tu.

Sikiliza kabla hujashika alenki

Si kila mkwaruzo ni wa shingo. Anayekimbilia nondo kwa kila mlio ni sawa na mganga mwenye dawa moja kwa maradhi yote. Mkwaruzo wenyewe unakwambia unatoka wapi, ukiwa na subira ya kuusikiliza freti kwa freti, uzi kwa uzi.

Ukisikika kwenye freti ya kwanza hadi ya tano, kisha ukatoweka ukienda juu, shingo imenyooka mno au imebinuka nyuma. Hapa nondo inataka kulegezwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya gitaa la yule kijana.

Freti za chini zikilia safi, nyuzi zikiwa zimeachana sana na ubao maeneo ya katikati, na mkwaruzo ukaanzia kama freti ya 12 kwenda juu, huenda shingo imepinda mbele kupita kiasi. Hapa nondo inataka kukazwa. Lakini chunguza pia kama nyuzi zimeshushwa mno darajani, kwa sababu dalili zake zinafanana.

Gitaa likikwaruza kila mahali, freti ya kwanza hadi ya mwisho, kimo cha nyuzi ndicho kilicho chini. Hilo linatibiwa darajani.

Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, na ukibanwa popote unatulia, mfereji wa uzi huo kwenye kidaraja cha kichwani umechimbika. Nondo haina la kufanya hapo.

Na mkwaruzo ukiwa mahali pamoja tu, freti moja au mbili, shuku freti iliyoinuka. Chukua kadi ya benki, simamisha ukingo wake mfupi juu ya freti tatu zinazofuatana, uusukume huku na huku. Ukicheza kama meza yenye mguu mfupi, freti ya katikati imeinuka kuliko wenzake. Freti ya namna hiyo inagongwa kwa nyundo laini au kusawazishwa kwa tupa. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpelekee anayeijua.

Kuna na mkono wa mpigaji. Kidole kinachobana mbali na freti kinauacha uzi ukiwa legelege. Mkono wa kulia unaochapa kwa nguvu karibu na shingo unautanua uzi mpaka ugonge hata kwenye gitaa lililotengenezwa vizuri. Sogeza mkono kuelekea darajani, piga kwa utulivu, kisha usikilize upya. Mwisho, chomeka gitaa kwenye ampilifaya. Mlio mdogo unaousikia sebuleni bila umeme mara nyingi haufiki kwenye spika kabisa, na si haki kuisumbua shingo kwa jambo ambalo msikilizaji hatalisikia.

Kupima upinde

Nilimpa yule kijana gitaa lake alipime mwenyewe. Fundi anayependa kazi yake hapendi mteja aondoke bila kujua kilichofanyika.

Kwanza tulityuni nyuzi zote, E, A, D na G. Shingo haipimwi nyuzi zikiwa zimelegea, kwa sababu mvuto wa nyuzi ni nusu ya hesabu. Vilevile, kama una nia ya kubadilisha nyuzi, zibadilishe kabla ya kupima. Nyuzi nene zaidi au nyembamba zaidi zinavuta kwa nguvu tofauti, na utalazimika kuanza upya.

Gitaa likae kama linavyopigwa, mapajani. Weka kapo kwenye freti ya kwanza, au ubane kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia bana uzi huo huo kwenye freti ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula, maana uzi uliovutwa haupindi. Angalia maeneo ya freti ya 8, kati ya chini ya uzi na juu ya freti. Panatakiwa kuwa na mwanya.

Mwanya huo unapimwa kwa fila geji, zile bamba nyembamba za chuma zilizopangwa kama upepeo ambazo mafundi magari wanapimia nafasi za valvu. Kwa besi nyingi, milimita 0.30 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ubao wenye mgongo wa mviringo mkali, kama ule wa magitaa ya zamani, unataka kama 0.35, na ulio bapa zaidi unaridhika na 0.25. Huna fila geji? Chukua karatasi ya kawaida ya ofisi. Rimu moja ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo kila karatasi ni kama milimita 0.1. Vipande vitatu vikibebana vinakupa 0.3. Vipitishe chini ya uzi. Vikipita kwa kugusa kidogo bila kuuinua uzi, upo mahali pake.

Kijana alijaribu karatasi tatu, hazikupita. Mbili, hazikupita. Moja, haikupita. Uzi ulikuwa umelala juu ya freti ya 8 kama mtu aliyelala mkekani. Akaniangalia. Sikuhitaji kumweleza zaidi.

Robo mzunguko

Nati ya nondo huwa mahali pawili. Kwenye magitaa mengi ya siku hizi iko kichwani, nyuma ya kidaraja, wakati mwingine chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Kwenye mengine iko upande wa mwilini, shingo inapoungana na boksi. Baadhi ya hayo yana gurudumu dogo lenye matundu linalozungushwa kwa kipande cha chuma. Ya zamani yanataka shingo ifunguliwe kabisa ndipo nati ionekane.

Nilipofungua kifuniko cha gitaa la yule kijana niliona pembe za tundu la nati zimeanza kulika. Aliyekaza alitumia alenki iliyokaribia tu kuenea. Jambo hili nakusihi ulichukulie kwa uzito. Magitaa ya Marekani kwa kawaida yanatumia vipimo vya inchi, na mengi ya Asia yanatumia milimita. Alenki ya inchi moja ya nane ni milimita 3.175. Ukiingiza ya milimita 3 itaingia bila shida, utaona imeenea, na siku nati itakapokuwa ngumu itazunguka bure na kuzila pembe zote. Gharama ya alenki sahihi ni ndogo. Gharama ya kuing'oa nati iliyolika inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Kanuni ya kuzungusha ni hii. Itazame nati uso kwa uso. Ukizungusha kufuata mwendo wa saa unakaza: nondo inapata nguvu, shingo inarudi nyuma, mwanya unapungua. Ukizungusha kinyume cha saa unalegeza: nyuzi zinapata nguvu, shingo inakuja mbele, mwanya unaongezeka. Na hatua moja haizidi robo mzunguko. Mara nyingi hata nusu ya robo inatosha.

Ukitaka kukaza, legeza nyuzi kwanza ili nati isipigane na mvuto wote kwa mpigo. Kabla ya kukaza, irudishe nati nyuma kidogo sana ili uhakikishe haijashika kutu na inazunguka kwa hiari. Nati ikigoma, acha. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ni msiba, maana shingo inabidi ifunguliwe ubao au itupwe. Hakuna aibu katika kuacha, na kugoma kwa nati ni jibu tosha: hapa umefika mwisho wa uwezo wa chuma hiki.

Kwa kijana yule tulikuwa tunalegeza. Niliingiza alenki yenye kipimo chake, nikaisukuma mpaka ikae chini kabisa ya tundu, nikaigeuza taratibu kinyume cha saa. Ilitoa mlio mmoja mfupi, kwii, kama mlango wa zamani. Robo mzunguko. Nikamrudishia gitaa atyuni, kwa sababu shingo ikisogea na noti zinasogea. Akapima: karatasi moja ikapita. Nikalegeza nusu ya robo. Akatyuni, akapima: mbili, na ya tatu ikawa inasuasua. Nikaongeza kidogo mno, kama upana wa ukucha kwenye ncha ya mkono wa alenki. Karatasi tatu zikapita zikigusa.

"Sasa piga freti ya kwanza."

Akapiga. Noti ya F ikatoka peke yake, bila nyuki. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi tena kwenye ya kwanza, akaiacha ilie mpaka ikafa yenyewe. Hakusema kitu kwa muda.

Sikumruhusu aondoke nalo usiku ule. Mti hauhami kwa amri moja. Shingo iliyoguswa jioni inaweza kuendelea kusogea hadi asubuhi. Jumamosi tulipima tena, tukakuta imesogea kiasi kisichozidi unene wa nusu karatasi. Ilikuwa ndani ya kipimo. Jumapili akapiga.

Kila kitu na zamu yake

Watu wengi hutumia nondo kushusha au kupandisha nyuzi, na hapo ndipo shingo nyingi zinapoteswa. Kweli, ukikaza nondo nyuzi zinashuka kidogo. Lakini kazi ya nondo ni kuweka upinde, na kazi ya kimo ni ya daraja. Anayetumia kimoja kufanya kazi ya kingine anaviharibu vyote viwili. Nilipokuwa kijana nilifanya kinyume chake. Gitaa langu lilikwaruza kwenye freti za chini, nami nikainua nyuzi darajani mpaka mkwaruzo ukaisha. Nilipiga miezi mingi nikiwa na vidole vyenye malengelenge, nikiamini besi ni chombo cha mateso, kumbe shingo ilitaka robo mzunguko tu.

Utaratibu ni mmoja. Anza na upinde wa shingo. Ukishatulia, weka kimo cha nyuzi darajani: pima juu ya freti ya 17, uanze na kama milimita 2.4 kwa upande wa E na milimita 2 kwa upande wa G. Kisha rekebisha urefu wa kila uzi darajani, mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na uzi wazi kwa oktavu kamili. Kila hatua inaitegemea iliyotangulia. Ukivuruga mpangilio utazunguka duara kutwa.

Vipimo hivi ni mahali pa kuanzia. James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit, alipiga Precision yake ya mwaka 1962 akiwa ameweka nyuzi juu sana, kwa kidole kimoja cha shahada, na kazi yake inasikika duniani kote mpaka leo. Mwenye mkono mzito anahitaji mwanya mkubwa kidogo na nyuzi zilizoinuka. Mwenye mkono mwepesi anaweza kushuka. Sawazisha gitaa kwa mkono wako, si kwa mkono wa mwingine.

Mti unapumua

Ukiishi Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, hewa yenyewe ni sehemu ya gitaa lako. Mti hunywa unyevu na kuutoa, hutanuka na kusinyaa, na ubao wa juu ukitanuka kwa kiasi tofauti na mti wa mgongoni, shingo inasogea. Hata mti mgumu hausalimiki. Rozwudi inayotumika kwenye mbao nyingi za magitaa ni jamii moja na mpingo wetu, mti wa taifa la Tanzania, ambao dunia inautumia kwa klarineti na obo kwa sababu ya uzito na utulivu wake. Nao hukaushwa kwa subira ndefu kabla ya kuchongwa, ama sivyo utapasuka.

Kuna shingo inayokuja mbele masika yakiingia, na kuna inayorudi nyuma. Inategemea mti, ukataji wake na rangi iliyopakwa. Usikisie, pima. Pima masika yanapoanza na yanapokwisha. Pima ukihamia Dodoma au Nairobi kutoka pwani. Studio yenye kiyoyozi kikali inaweza kulibadilisha gitaa ndani ya siku chache. Na tafadhali usiliache ndani ya gari juani. Joto lile linalegeza hata gundi.

Kwa nini tunahangaika hivi

Mtu anaweza kuuliza kama milimita 0.3 inastahili sura nzima. Nami namwambia asikilize besi ya Tommy Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Besi ile haijazi kila nafasi. Inazungumza, inanyamaza, inazungumza tena, na ukimya wake una uzito sawa na noti zake. Katika muziki wetu wa dansi, magitaa ya solo na rithimu yanasuka juu, na besi ndiyo ardhi wanayosimamia wachezaji. Noti iliyofunikwa na mkwaruzo inamnyima mchezaji mahali pa kukanyaga.

Sisemi kwamba mkwaruzo ni adui popote ulipo. Wapiga mbira wa Zimbabwe hufunga visoda au kombe kwenye ala yao makusudi ili itoe mlio huo, na bila mlio huo mbira kwao haijakamilika. Wao wameuchagua. Mkwaruzo wa gitaa lililopuuzwa haukuchaguliwa na mtu, na hiyo ndiyo tofauti. Mwenye chombo anatakiwa kuwa ndiye anayeamua sauti yake.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujakubali kuambiwa kwamba shingo yako imekwisha, fanya mambo matatu. Sikiliza mkwaruzo unaanzia freti gani na kuishia freti gani. Pima mwanya kwenye freti ya 8, hata kama ni kwa karatasi tatu. Kisha andika kwenye kikaratasi tarehe, mwanya uliokuta na ulikozungushia nati, ukiweke ndani ya mfuko wa gitaa ili wewe au fundi ajaye asianze gizani. Yule kijana anacho chake hadi leo, kimejaa tarehe pande zote mbili. Gitaa ni lile lile.